Kidonge kimoja mara mbili: uchambuzi wa kisa cha sonona, hasira na mafuta ya chakula

Kisa hiki kinatoka kliniki ya mama na mtoto ya kituo kimoja cha afya, Kanda ya Kati ya Tanzania. Jina, kijiji na alama nyingine za familia zimeondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, maofisa lishe, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa sababu swali lililomo huulizwa kila wiki: mama mwenye sonona akiambiwa "tumia omega-3" (aina ya mafuta yanayopatikana zaidi kwa samaki), anatakiwa kutumia nini hasa, kiasi gani, na atarajie nini?

## Usuli

Mama wa miaka ya ishirini na kitu alileta mtoto wake wa tatu, mwenye wiki 14, kwa chanjo. Akiwa kwenye foleni alimfokea na kumfinya mtoto wake wa miaka minne aliyekuwa akichezea kadi ya kliniki, kisha yeye mwenyewe akaanza kulia na kushindwa kujizuia. Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, alimwambia muuguzi: "Sista, huyu mwanangu siku hizi ni moto. Ukimsemesha anawaka, ukinyamaza analia."

Mume alikuwa mbali kikazi na alirudi nyumbani kila baada ya wiki kadhaa. Mama alilala jumla ya kama saa nne tu kwa usiku, tena za vipande vipande. Hakuwa na historia ya ugonjwa wa akili, wala vipindi vya furaha kupita kiasi na kutolala bila kuchoka, jambo ambalo lazima liulizwe kabla ya kufikiria dawa yoyote ya sonona. Ujauzito ulimsumbua kwa kichefuchefu, na harufu ya dagaa ndiyo iliyomshinda kabisa. Aliacha samaki wa aina zote tangu mwezi wa pili wa ujauzito na hakuwarudia baada ya kujifungua. Kwa hiyo alikuwa amekaa takriban mwaka mzima bila samaki.

Nyumbani walikula ugali wa dona, maharage, mchicha au majani ya maboga, na mara chache nyama. Mafuta ya kupikia yalikuwa ya alizeti, yaliyokamuliwa na mashine ya jirani, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Singida na Dodoma. Mayai waliyauza.

## Vipimo vya siku ya kwanza

Kipimo cha Edinburgh, cha sonona baada ya kujifungua, chenye maswali 10, kilitoa alama 17 kati ya 30. Alama 13 na kuendelea humaanisha kwamba sonona ina uwezekano mkubwa na mama anahitaji tathmini kamili. Swali la 10, la mawazo ya kujidhuru, alijibu "hapana kabisa", na aliulizwa tena ana kwa ana, akiwa peke yake, kuhusu yeye na kuhusu mtoto. Jibu lilikuwa lile lile.

Hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa gramu 9.4 kwa desilita, yaani alikuwa na upungufu wa damu. Kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Damu ilipelekwa hospitali ya wilaya kupima homoni ya tezi la shingo, kwa sababu tezi hilo linaweza kuvurugika miezi ya kwanza baada ya kujifungua na kuleta hasira, mapigo ya moyo ya kasi na uchovu unaofanana sana na sonona. Majibu yalirudi baada ya siku 10 yakiwa ya kawaida.

Ofisa lishe alikaa naye dakika 40 kupiga hesabu ya mafuta. Njia aliyotumia inafaa kuigwa, maana mtu akiulizwa "unatumia mafuta kiasi gani kwa siku" hawezi kujua, lakini kila mama anajua kidumu kinaisha lini. Nyumba ya watu watano ilimaliza lita 3 kwa mwezi. Lita 3 za alizeti zina uzito wa kama kilo 2.75. Gawanya kwa watu watano na siku 30, unapata gramu 18 kwa kila mtu kwa siku.

Katika alizeti ya kawaida, karibu asilimia 60 au zaidi ni asidi ya linoleiki, yaani omega-6. Hiyo ni gramu 11 kwa siku. Dona ya gramu 300 iliongeza gramu 5 hivi. Upande wa pili, asidi ya alfa-linoleniki, ambayo ndiyo omega-3 ya mimea, haipo katika alizeti ila chembe. Maharage, mboga za majani na dona vilimpatia kama gramu 0.6 kwa jumla, wakati mama anayenyonyesha anahitaji kama 1.3. Uwiano wa omega-6 kwa omega-3 ulikuwa takriban 27 kwa 1. Na omega-3 ndefu, yaani EPA na DHA zinazopatikana kwenye samaki, ilikuwa karibu na sifuri.

## Kwa nini mafuta yaliingizwa kwenye mpango

Ubongo ukiondolewa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta, na DHA ndiyo omega-3 kuu humo. Mnyororo wake una kaboni 22 na sehemu 6 zinazopinda, yaani mipindo 6. Mipindo hiyo huufanya utando wa seli ya neva uwe laini, na ulaini huo ndio unaoruhusu vipokezi vya serotonini na dopamini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo, kukaa na kugeuka inavyotakiwa. EPA haikai kwa wingi kwenye ubongo, na watu wengi huidharau kwa sababu hiyo. Kazi yake iko kwingine: inagombania vimeng'enya na asidi ya arakidoniki, ile inayotokana na omega-6, na hivyo kupunguza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe, yaani mwako wa kinga ya mwili. Uvimbe wa chini kwa chini mwilini ni mojawapo ya njia zinazohusishwa na sonona, na huenda ndiyo sababu tafiti za tiba zinaipa EPA nafasi kubwa kuliko DHA.

Kwa wanyama picha iko wazi zaidi. Panya waliolishwa chakula kisicho na omega-3 kuanzia wanapoachishwa ziwa hupungukiwa DHA kwenye ubongo, dopamini ya sehemu ya mbele ya ubongo huvurugika, na wanapopimwa huonyesha tabia za kukata tamaa na za ukali kuliko wenzao. Binadamu si panya wa maabara, lakini hasira iliyoambatana na huzuni katika kisa hiki ilifanya swali la chakula listahili kuulizwa.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya hesabu tu. Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kijusi hujikusanyia DHA makumi ya miligramu kila siku, na akiba ya mama ndiyo inayotoa. Baada ya hapo maziwa yanaendelea kutoa. Mwili unaweza kutengeneza DHA kutokana na omega-3 ya mimea, na wanawake walio katika umri wa kuzaa hufanya hivyo vizuri kuliko wanaume kwa msaada wa estrojeni. Lakini kimeng'enya kinachoanza kazi hiyo ndicho hicho hicho kinachoshughulikia omega-6. Pakiwa na gramu 16 za omega-6 mbele ya nusu gramu ya omega-3, zamu ya omega-3 haifiki.

## Maamuzi ya mwanzo

Timu iliamua mambo manne, na sababu zake ziliandikwa kwenye faili.

Dawa ya sonona haikuanzishwa siku hiyo. Hapakuwa na mawazo ya kujidhuru, mama alikuwa anamhudumia mtoto, na ushauri wa hatua kwa hatua wa kutatua matatizo ulipatikana hapo hapo kituoni. Alipangiwa vikao 6, kimoja kwa wiki. Iliandikwa pia kwamba alama zikibaki 13 au zaidi wiki ya 8, dawa ya sonona iitwayo sertralini, miligramu 50, ingeanzishwa, kwa kuwa ni miongoni mwa dawa zinazokubalika vizuri wakati wa kunyonyesha. Kuweka tarehe ya uamuzi mapema ni jambo jema. Bila tarehe, "tusubiri kidogo" hugeuka miezi sita.

Upungufu wa damu ulitibiwa kwa madini ya chuma miligramu 60 pamoja na asidi ya foliki kila siku kwa miezi mitatu, asubuhi, mbali na chai. Chai ya rangi pamoja na kidonge cha chuma ni kutupa kidonge.

Usingizi: mama mkwe alikubali kumshika mtoto kuanzia baada ya kunyonya saa mbili usiku hadi anyonye tena, ili mama apate kipande kimoja cha usingizi kisichokatwa.

La nne lilihusu mafuta. Kwenye karatasi ya mama iliandikwa: "Mafuta ya samaki, kidonge 1 x 2. Kula samaki na dagaa. Punguza alizeti."

Mstari huo ndio ulioharibika, na karibu kila neno lake lilikuwa na kosa.

## Kilichotokea

Wiki ya 4. Mama alikuwa amehudhuria vikao vitatu kati ya vinne. Alama zilishuka hadi 14. Alisema usingizi umepata nafuu, lakini hasira bado. Kuanzia kikao cha kwanza alikuwa akiweka alama kwenye kalenda kila siku ambayo hasira ilimshinda hadi akapiga kelele au kumpiga mtoto mkubwa: siku 5 au 6 kwa wiki mwanzoni, sasa 4.

Aliulizwa aonyeshe vidonge. Alitoa mfukoni vile vidonge vidogo vya njano vya mafuta ya ini la samaki, vinavyouzwa kwa bei nafuu karibu kila duka la dawa na ambavyo wazazi wengi huwapa watoto. Kila kimoja kilikuwa na miligramu 300 za mafuta. EPA katika mafuta ya ini la chewa ni kama asilimia 8, kwa hiyo kidonge kimoja kilibeba miligramu 24 hivi, na viwili kwa siku 48. Tafiti za sonona zilizoonyesha faida zilitumia EPA gramu 1 kwa siku au karibu na hapo. Mama alikuwa anameza kwa uaminifu sehemu ya ishirini ya kiwango ambacho timu ilidhani inampa.

Hakuna aliyemdanganya. Aliambiwa "mafuta ya samaki", akaomba mafuta ya samaki, akapewa.

Mmoja wa timu alipendekeza aongeze tu idadi ya vidonge hivyo hivyo. Pendekezo hilo lilikataliwa kwa sababu nzito: ini la samaki ni ghala la vitamini A. Ili kufikisha gramu 1 ya EPA kwa mafuta ya ini, mtu anahitaji gramu 12 hivi za mafuta kila siku, na mafuta ya ini yasiyopunguzwa vitamini yanaweza kuwa na mikrogramu 300 za vitamini A kwa kila gramu. Hiyo ni mikrogramu 3,600 kwa siku, juu ya kikomo cha 3,000 kwa mtu mzima. Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba tena wakati wowote, vitamini A iliyozidi ni hatari kwa kijusi. Mafuta ya ini la samaki na mafuta ya mwili wa samaki ni bidhaa mbili tofauti hata kama kopo zote mbili zimechorwa samaki.

Chaguo lililofuata lilikuwa vidonge vikubwa vya miligramu 1,000 vya mafuta ya mwili wa samaki. Namba hiyo kubwa ya mbele ya kopo ni uzito wa mafuta yote. Ukigeuza kopo na kusoma maandishi madogo, vingi vina EPA 180 na DHA 120. Kufikisha gramu 1 ya EPA kunahitaji vidonge 6 kwa siku, yaani 180 kwa mwezi, sawa na makopo matatu ya vidonge 60. Familia isingeweza, na kuwaambia wajaribu kungemaanisha kuuza kuku.

Hapa timu ilifanya uamuzi ambao, kwa maoni yetu, ndio bora zaidi katika kisa chote. Ilitenganisha malengo mawili yaliyokuwa yamechanganywa tangu siku ya kwanza. Lengo la kwanza ni kuziba pengo la lishe: mapendekezo ya FAO na WHO ya mwaka 2010 kwa mjamzito na anayenyonyesha ni EPA na DHA jumla miligramu 300 kwa siku, angalau 200 zikiwa DHA. Kiasi hicho kinapatikana kwa samaki. Lengo la pili ni kutumia EPA kama dawa, gramu 1 hadi 2 kwa siku, nyongeza juu ya tiba ya kawaida. Hilo linahitaji vidonge vilivyokolezwa na fedha. Timu ililiacha la pili, ikaweka nguvu zote kwenye la kwanza, na ikamweleza mama waziwazi kwamba samaki ni kwa ajili ya mwili wake na maziwa, wakati vikao na usingizi ndivyo vinavyotibu huzuni.

Wiki ya 6. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikwenda nyumbani. Samaki walikuwa wamenunuliwa kama ilivyoagizwa, ila mambo matatu yalikuwa yamekwenda kombo.

Dagaa walikuwa wamegeuka rangi kutoka fedha kuwa kahawia ya njano, na mkono ukiwasugua ulibaki na harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Mipindo ile ile inayoifanya DHA iwe na manufaa ndiyo inayoifanya iharibike haraka mbele ya hewa, jua na joto. Dagaa aliyeanikwa mchangani siku nyingi, kisha akakaa gunia wazi sokoni wiki kadhaa, bado ana protini na kalsiamu, lakini omega-3 yake imepungua sana.

Pili, waliwakaanga hadi wakakauka kau, kwenye mafuta mengi ya alizeti yaliyokwisha tumika mara kadhaa. Samaki mdogo kama dagaa hunyonya mafuta ya kukaangia na kuachia sehemu ya yake. Kilichofika sahanini kilikuwa omega-6 zaidi kuliko mwanzo.

La tatu halikufikiriwa na yeyote. Kopo la sadini lilinunuliwa kweli, mara moja kwa wiki, likapikwa mchuzi wa nyanya na kuliwa na watu watano. Kopo la gramu 125 likichujwa hubakisha kama gramu 90 za samaki, zenye EPA na DHA karibu gramu 0.9. Fungu la mama lilikuwa sehemu ya tano, tena yeye ndiye aliyejipakulia mwisho.

Mhudumu alilizungumza na mama mkwe, kwa heshima na bila kumlaumu mtu: "Mama, maziwa anayonyonya mjukuu wako yanatokana na hiki kipande." Mama mkwe alifikiri kidogo, akasema kipande hicho kitakuwa fungu la mtoto, na fungu la mtoto haliliwi na mtu mwingine. Tangu siku hiyo aliliweka pembeni mwenyewe kabla ya kupakua. Hakuna hati ya kituo ambayo ingeweza kufanya hivyo.

Mpango uliandikwa upya hivi:

- Dagaa mara tatu kwa wiki. Nunua kidogo kidogo, wanaong'aa rangi ya fedha, wasiong'ata pua. Loweka kwa maji ya uvuguvugu, osha mara mbili kutoa mchanga, chemsha dakika 10 na nyanya na kitunguu, malizia kwa karanga zilizosagwa au tui. Usikaange.
- Kopo moja la sadini kwa wiki, nusu yake ni ya mama, agawe siku mbili.
- Nusu ya mafuta ya kupikia iwe ya soya, nusu ibaki alizeti. Mafuta yaliyokaangia yasirudiwe zaidi ya mara moja.

Kiwango cha DHA katika dagaa wakavu hubadilika mno kwa aina, msimu na namna ya kuanika, ndiyo maana timu haikuandika miligramu mbele ya mstari wa kwanza. Kuandika namba ya kubahatisha kungerudisha kosa lile lile la kidonge.

Soya ina asidi ya alfa-linoleniki kama asilimia 7. Gramu 9 za soya badala ya gramu 9 za alizeti ziliinua omega-3 ya mimea kutoka 0.6 hadi gramu 1.2 kwa siku, na uwiano ukashuka kutoka 27 hadi kama 13 kwa 1. Familia iliendelea na soya wiki tano, kisha ikarudi alizeti tupu, kwa sababu soya ilipatikana mjini tu na kwa bei kubwa. Hilo halikututia wasiwasi sana, kama itakavyoelezwa.

Wiki ya 8. Vikao 6 vimekamilika. Alama 9. Siku za hasira kwenye kalenda: 2 kwa wiki. Sertralini haikuhitajika.

Wiki ya 16. Alama 6, hemoglobini 11.6. Siku za hasira: moja kwa wiki, wiki nyingine hakuna. Mtoto wa miaka minne, kwa maneno ya bibi yake, ameacha kujificha nyuma ya mlango.

## Uchambuzi

Je, ni samaki waliomponya? Tunadhani hapana, na sababu iko kwenye tarehe.

Samaki walianza kuliwa inavyotakiwa wiki ya 6. Nafuu kubwa ilikwisha kuonekana wiki ya 8. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120, na omega-3 kwenye damu huchukua miezi mitatu hadi minne kufikia kiwango kipya baada ya mtu kubadili chakula. Ubongo hubadilika polepole zaidi: nusu ya DHA yake huchukua takriban miaka miwili na nusu kubadilishwa. Wiki mbili za dagaa haziwezi kujenga upya utando wa seli za neva. Kilichomwinua mama huyu hadi wiki ya 8 ni vikao, usingizi, madini ya chuma na mkono wa mama mkwe. Upungufu wa damu peke yake huleta uchovu na hasira za kutosha kuongeza alama kadhaa kwenye kipimo, na kama ungeachwa, huenda kila kitu kingine kingekwama.

Tafiti kubwa zinaunga mkono tahadhari hiyo. Nchini Australia, utafiti wa DOMInO uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wajawazito DHA miligramu 800 pamoja na EPA miligramu 100 kwa siku, ukihusisha wanawake 2,399. Sonona baada ya kujifungua haikupungua. Nchini Marekani, mwaka 2021, utafiti wa watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na zaidi ulionyesha kwamba gramu 1 ya omega-3 kila siku kwa miaka kadhaa haikuzuia sonona kuanza. Kuzuia na kutibu ni mambo mawili, na upande wa kutibu una matumaini zaidi: mwongozo wa mwaka 2019 wa wataalamu wa saikiatria ya lishe (tiba ya magonjwa ya akili kwa njia ya chakula) unakubali EPA gramu 1 hadi 2 kwa siku, kama nyongeza, kwa watu ambao tayari wana sonona kubwa. Muundo wa vidonge una maana hapo. Vilivyoonyesha faida katika tafiti ni vile ambavyo EPA ni asilimia 60 au zaidi ya jumla ya EPA na DHA. Utafiti wa DOMInO ulikuwa kinyume chake, DHA nyingi na EPA kidogo, kwa hiyo hauwezi kutumika kusema EPA haifanyi kazi, kama vile tafiti za EPA haziwezi kutumika kuuza kidonge cha DHA.

Basi kwa nini kujisumbua na dagaa? Kwa sababu pengo lilikuwepo, sonona iwe au isiwe. DHA katika maziwa hufuata chakula cha mama ndani ya wiki chache, muda mfupi kuliko ubongo wa mama mwenyewe. Mtoto wa wiki 20 ndiye aliyekuwa wa kwanza kufaidi fungu lile. Na Kanda ya Kati hii hii imetoa ushahidi wake: watafiti waliopima maziwa ya akina mama wanaoishi kando ya Ziwa Kitangiri, mkoani Singida, wanaokula samaki wa ziwa hilo kwa wingi, walichapisha mwaka 2005 kwamba DHA katika maziwa yao ilikuwa juu sana kuliko wastani wa dunia wa takriban asilimia 0.3. Kanda moja, jua moja, alizeti ile ile shambani. Tofauti ni ziwa.

Kuhusu soya, tulisema haikututia wasiwasi. Utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2015, ulijaribu kuboresha chakula dawa cha watoto wenye utapiamlo mkali. Kundi moja lilipata chakula kilichoongezwa mafuta ya kitani yenye omega-3 ya mimea kwa wingi, kundi jingine likapata hicho pamoja na mafuta ya samaki, na la tatu chakula cha kawaida. Mafuta ya kitani peke yake hayakutosheleza mahitaji ya omega-3 ndefu. Ilibidi samaki aongezwe. Kwa hiyo kama fedha ya familia inatosha kubadili kitu kimoja tu, inunue samaki kabla ya kubadili mafuta ya kupikia. Agizo la mwanzo la "punguza alizeti" lilikuwa dhaifu pia kwa sababu hiyo. Alizeti ni zao la nyumbani, lina vitamini E, na kumwogopesha mama nalo bila kumpa mbadala anaoweza kuununua ni kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha lemewa.

Makosa ya timu yalikuwa ya maandishi kuliko ya elimu. Ofisa lishe alijua tofauti ya mafuta ya ini na ya mwili, alijua EPA husomwa nyuma ya kopo. Karatasi ya mama haikujua. Agizo sahihi la kidonge linataja jina la asidi na miligramu zake, kwa mfano "EPA 1,000 kwa siku, si mafuta ya ini", na agizo sahihi la samaki linataja namna ya kununua, ya kupika na ya kugawa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye tatizo la mapigo ya moyo apelekwe kwa daktari kabla ya kupewa viwango vya tiba. Wengine watarajie kucheua harufu ya samaki na pengine kuharisha kidogo, ambako hupungua kidonge kikimezwa katikati ya mlo.

Kosa jingine ni kuchelewa kwenda nyumbani. Yote matatu yaliyogunduliwa wiki ya 6 yangeonekana wiki ya 2 kwa kufungua gunia, kutazama kikaango na kusubiri chakula kipakuliwe. Maswali ya kliniki yasingeyatoa, kwa sababu kwa swali "unakula samaki?" mama alijibu "ndiyo" na alikuwa anasema kweli.

Kalenda ya hasira ilisaidia kuliko tulivyotarajia. Kipimo cha Edinburgh hakina swali la hasira moja kwa moja, na kwa mama huyu hasira ndiyo iliyomwumiza zaidi kwa sababu ilimwangukia mtoto. Alama kwenye kalenda ya ukutani haikugharimu kitu, na iliwapa yeye na mshauri kitu cha kuzungumza: siku zipi, saa ngapi, alikuwa amekula nini, amelala kiasi gani. Siku nyingi mbaya zilifuata usiku ambao bibi alikuwa amesafiri.

## Hali ilivyo mara ya mwisho

Wiki ya 16 mtoto alikuwa na miezi 7 na ameanza kula. Mama alifundishwa kusaga dagaa waliooshwa na kukaushwa vizuri, akitoa vichwa, na kuchanganya kijiko kimoja cha chai cha unga huo kwenye uji kila siku. Anasaga wa wiki moja tu kwa wakati mmoja na kuuweka kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na dirisha, maana unga wa dagaa huchacha upesi kuliko dagaa mzima. Soya haipo tena jikoni. Sadini inanunuliwa wiki mbili mara moja, mshahara wa mume ukichelewa hainunuliwi. Fungu la mtoto bado linawekwa pembeni.